Kilele cha mzunguko wa jua wa 24: 81.9 au 116.4?

AngaSouthB
Hamjambo wenzangu. Naandaa jedwali la mizunguko ya madoa ya jua (vipindi ambavyo idadi ya madoa meusi usoni mwa jua hupanda kisha hushuka) kwa klabu ya sayansi ya shule hapa Nairobi. Kilele cha mzunguko wa 24, Aprili 2014, chapisho moja linakipa namba ya madoa 81.9 na lingine 116.4. Nichukue ipi? Na wanafunzi wakihesabu wenyewe, walinganishe na ipi?

Jedwali_Safi
Zote ni sahihi, ila ni za matoleo mawili. Julai 2015, kituo cha Brussels kinachotunza hesabu hizi kilitoa toleo la 2.0. Kizidishi cha 0.6, ambacho hesabu zilizidishwa nacho tangu zilipotunzwa Zurich, kiliondolewa, namba zikapanda. Pia kulikuwa na mtindo wa kuhesabu doa moja kubwa kama madoa kadhaa, ambao ulivimbisha namba za tangu 1947 hivi kwa takriban asilimia 18. Huo ukasahihishwa, namba zikashuka kiasi. Gawa 1 kwa 0.6, kisha kwa 1.18: unapata 1.41. Zidisha na 81.9 uone ulipofika.

Tumia 2.0 kwenye jedwali zima, tafadhali. Ukiweka mzunguko wa 19 kwa namba ya zamani (201.3, Machi 1958) kando ya 116.4, pengo kati yao linapungua kwa uongo. Kwa toleo jipya wa 19 ni 285, na wa 23 ni 180.3. Mzunguko wa 24 ulikuwa dhaifu kweli.

KivuliChaJua
Kuhusu wanafunzi: idadi ya makundi ya madoa mara 10, kisha jumlisha madoa yote. Makundi 3 yenye madoa 11 ni 41. Doa moja pekee ni 11, kwa sababu nalo ni kundi.

Darubini ya lenzi ya milimita 60 inatosha. Angusha taswira ya jua kwenye karatasi nyeupe, duara liwe sentimita 15, na uzibe ile darubini ndogo ya kulengea. Mtu asichungulie kabisa! Lenzi ya jicho isiwe na plastiki, joto litaiyeyusha. Fanyeni asubuhi kabla hewa haijachemka. Mchana picha hutetemeka na madoa madogo hupotea.

Julai mawingu ya Nairobi yatawasumbua. Siku ya mawingu acheni nafasi wazi, msiandike 0. Sifuri maana yake jua lilionekana na halina doa, na sifuri za uongo hushusha wastani wa mwezi mzima.

Baada ya miezi kadhaa, gawa wastani wa Brussels kwa wastani wenu wa siku zilezile. Hicho ndicho kizidishi chenu cha kulinganisha hesabu zenu na zao; kwa darubini ndogo tarajia kizidi 1.

AngaSouthB
Asanteni sana. Mbona grafu ya 24 ina vilele viwili?

Jedwali_Safi
Nusu ya kaskazini ya jua ilitangulia kufika kileleni, mwishoni mwa 2011. Ya kusini ikafuata 2014, ikiwa na nguvu zaidi. Chora nusu hizo kwa mistari miwili tofauti, wanafunzi wataliona wenyewe.