Naomba ushauri: kaktasi yangu ya sebuleni imeinama

Habari zenu wakuu. Nina kaktasi ndefu kwenye chungu, ipo sebuleni hapa Dar, mbali kidogo na dirisha. Wiki mbili hizi imeinama kama mlevi. Nikiigusa pale chini karibu na udongo inabonyea, imegeuka kahawia. Juu bado kijani na ngumu. Kosa ni langu, nilikuwa naimwagilia kila baada ya siku mbili kama mchicha, na chungu chenyewe hakina tundu. Jana nimeing'oa: mizizi myeusi, inanuka.

Je, nikate ile sehemu ya juu iliyo nzima, niache kidonda kikauke siku kadhaa, ndipo niipande kwenye mchanga wenye kokoto? Au shina la chini bado linaokoleka? Na kwa unyevu huu wa Dar, maji niipe kila baada ya muda gani?