Naomba ushauri: koti la skii la mtumba litafaa mvua ya Rwenzori?

Habari wakuu. Mwezi wa saba tunapanda milima ya Rwenzori, Uganda, kupitia njia ya Kilembe, nia ni kufika kilele cha Margherita, mita 5,109. Huo ni msimu wa kiangazi, lakini waliokwenda wanasema kule mvua haina adabu.

Soko la Owino, Kampala, nimeona makoti mawili ya skii. La kwanza ni zito, lina pamba ndani, lebo inasema 10,000 mm (kipimo cha kuzuia maji). Lakini utepe wa ndani wa mishono umeanza kubanduka mabegani, palepale mikanda ya begi inapokandamiza. La pili ni jepesi, la Gore-Tex (kitambaa cha kuzuia maji), halina pamba, ila kitambaa cha nje kinanyonya maji badala ya kuyatiririsha. Muuzaji anaapa yote mawili hayapitishi maji (angesema nini kingine?).

Mimi naegemea hilo jepesi, nivae sweta la fulisi ndani, maana koti la pamba likilowa huko halikauki. Je, dawa ya kupulizia itarudisha ule utelezi wa nje? Kwa Kampala, dawa hiyo inapatikana wapi? Na suruali: ya skii, au ile ya mpira ya watu wa boda inatosha? Gambuti ninazo tayari.