Mnaotulazimisha kusevu kozi kwenye draivu ya mtandao, mnatumaliza!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha ikiteleza mnivumilie.

Jana jioni faili langu la wiki mbili la Storyline (programu ya kutengenezea kozi za mtandaoni) limekufa. Slaidi 64, sauti nilizorekodi mwenyewe usiku watu wamelala, maswali na majibu yake yote. Nimebonyeza kusevu kama kawaida, mstari ukafika katikati ukaganda. Waifai ilikatika kama sekunde mbili tu, ikarudi. Nikafungua folda: faili lipo, jina lilelile, ukubwa KB 0, yaani tupu.

Ofisini kwetu kuna amri: kazi zote zikae draivu Z, yaani kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi tunayoifikia kwa mtandao, kwa sababu seva inafanyiwa bakapu (nakala ya akiba) kila usiku. Kwa barua na majedwali sina neno. Lakini faili la kozi ni kifurushi kilichobanwa, ndani yake mmejaa picha, sauti, video na maelezo ya kila slaidi. Ukifungua na kusevu, programu inachota humo na kurudisha. Mtandao ukikohoa wakati inaandika, unabaki na nusu kifurushi, na nusu kifurushi hakifunguki.

Nikakimbilia hiyo bakapu yao. Ya usiku uliotangulia inafunguka, ila slaidi za 20 na kuendelea hazina sauti. Kumbe faili lilianza kuoza siku kadhaa nyuma bila mimi kujua, na seva ikawa inanakili ubovu huo kila usiku kwa uaminifu mkubwa. Bakapu wanatunza za siku tatu tu. Zote bubu.

Na hili si siri. Watengenezaji wa Storyline wenyewe wanaelekeza wazi: fanyia kazi na chapisha (yaani toa kozi iliyo tayari kwa wanafunzi) kwenye diski ya kompyuta yako, si draivu ya mtandao wala flashi. Wa Captivate, programu nyingine ya aina hiyo, nao ushauri wao ni huohuo. Nimewatumia IT, watu wa kompyuta wa ofisi, maelekezo hayo mara tatu. Jibu la tatu: "Sera haijabadilika." Tiketi ya ombi langu ikafungwa.

Kuchapisha ndiyo kichekesho. Kozi moja inatoka na mamia ya mafaili madogo, na kila faili lina safari zake za kwenda seva na kurudi: kulifungua, kuliandika, kulifunga. Chukua mafaili 1,000, kila moja safari 10, kila safari milisekunde 20. Hapo tayari ni sekunde 200 za kusubiri tu, data yenyewe hujaihesabu. Ukiwa nyumbani, umeunganishwa na ofisi kwa VPN kupitia intaneti, nenda kaoge urudi. Halafu wamepanga folda ndani ya folda ndani ya folda, majina marefu kama hotuba, njia ya faili (jina lake pamoja na ya folda zote) inagonga ukomo wa herufi 260 wa Windows na uchapishaji unafia njiani.

Kilichonichoma zaidi: mwezi uliopita nilijifanya mjanja, nikahamishia kazi kwenye folda ya Documents nikidhani niko diski C, ya kompyuta yangu mwenyewe. Kumbe nayo wameielekeza seva kimyakimya! Angalieni zenu, bofyeni kulia kwenye folda, msome mahali ilipo. Mkikuta mikwaju miwili ya nyuma (\\) na jina la seva, mko kwenye mtandao, msijidanganye.

Sijaomba seva ivunjwe. Naomba folda moja tu diski C, jina fupi, nifanyie kazi humo. Jioni nifunge programu, ninakili faili zima kwenda Z lenye tarehe kwenye jina. Laptopu ikiibwa nimepoteza siku moja, siyo wiki mbili. Aliyeandika sera hii sidhani kama amewahi kurekodi hata slaidi moja.

Kuna aliyefanikiwa kuwashawishi IT wake? Alisema nini wakamwelewa? Mwageni hapa, nitasoma usiku. Sasa hivi nimevaa hedifoni, narekodi upya slaidi ya 1.