Nisabskraibu nikusabskraibu: wasanii wa Zanzibar tunasaidiana au tunadanganyana?

Assalaam alaykum. Hili tulijadili bila ya kuoneana haya. Wasanii wengi wa Zenji Flava, muziki wa vijana wa Zanzibar, ninaowajua wamo kwenye magrupu ya WhatsApp yenye kazi moja tu: leo umetoa wimbo, unatupa linki, wenzako wanakwenda YouTube, wanasabskraibu, wanaandika "moto huo", wanaondoka. Kesho zamu ya mwengine. Asiyefanya anaambiwa ana roho mbaya.

Mie nasema huo si msaada. Ni upatu, tena upatu mbovu, maana kila mtu anatia na hakuna anayetoka na fungu. Kwa video za kawaida, YouTube hawakugawii pesa za matangazo mpaka chaneli ifikishe watu 1,000 waliosabskraibu na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hao 1,000 utawaokota kwenye magrupu. Saa 4,000 utazipata wapi, na mwenzako katazama sekunde kumi akakimbilia linki nyengine? Na biashara hiyo ya kusabskraibiana YouTube wenyewe wameikataza. Chaneli inaweza kufutwa.

Tena mtandao unajifunza kwa wanaotazama. Umejaza watu wasioupenda muziki wako, umetoa wimbo wa pili, wote wanaupita. Mtambo utamuonesha nani mwengine, ikiwa hata wako mwenyewe hawautaki?

Msaada ninaoutaka ni wa kazi. Kijana wa Zenji Flava amtafute mpiga udi aliyesomea chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, waingie studio, kisha waposti pamoja Instagram kwa ile kolabo ambayo posti moja inatokea kwa wafuasi wa wote wawili. Watu wa taarab watamsikia kijana ambaye wasingemfungua asilani, na mpiga udi atasikika kwa vijana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 alikwenda na wapigaji wake, si na watu wa kumpigia makofi.

Anayepinga aseme. Ila asinijibu kwa "umoja ni nguvu", hilo nalisoma kwenye kanga.

JIBU, kutoka Wete
Bwana, wewe uko mjini, unatoka nyumbani kwa miguu unafika redioni. Sie huku Pemba mpaka boti. Chaneli yenye watu 40 nani ataifungua? Mtu anatazama namba kwanza, wimbo baadaye. Watu wa grupu ndio walionifikisha mahali ambapo mwenye harusi kaniona, kanipigia simu, nimekwenda kuimba, nimelipwa. Pesa ile haikutoka YouTube. Ilitoka kwa mtu aliyeamini namba. Sasa niambie nimedanganywa wapi?

JIBU, mwimbaji wa taarab, Unguja
Nyinyi wanangu mnapenda kusifiana tu. Taarab imekuzwa na kushindana. Kikundi cha Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club wakaja 1958, na vikundi vya akina mama, Royal Navy na Sahib el-Arry, walikuwa wakitungiana mafumbo hasa. Watu wanajaa kwa kutaka kusikia jibu. Hakuna aliyemuomba mwenzake amtangaze. Wimbo ukikukuna unanyanyuka na noti, unamtunza mwimbaji mbele ya watu. Leo mnatunzana vikopa vya simu, halafu mnashangaa hamna nauli.

JIBU
Na bando je? Nyimbo za grupu zima nizitazame mpaka mwisho, bando nani ananilipia?

JIBU, mwenye mada
Wa bando, ndiyo maana wanatazama sekunde kumi.

Ndugu wa Wete, harusi hiyo naikubali, na pesa yake halali. Lakini mwenye harusi kaona namba; wanaopanga jukwaa wanataka kusikia. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, wanataka muziki unaopigwa laivu. Siku ukiitwa kwenye jukwaa lao utapanda na nani? Grupu lako lina waimbaji watupu, hakuna hata mpiga ngoma. Namba ulizopewa hazikukupa bendi.

Bi mkubwa, shikamoo. Ushindani nautaka, na kama vijana wawili wangejibizana kwa nyimbo nzuri mtandaoni, ningewatangaza mwenyewe. Lakini mkishindana mkisaidiana, aliyetunga mashairi na aliyepiga fidla watajwe kwenye maelezo ya video. Hapa ndipo tunapoumizana kweli, na magrupu yote yako kimya. Wimbo unasheiwa mpaka Oman, mtunzi hajulikani, na siku akienda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kudai haki yake anaanza kutafuta mashahidi. Kuandika jina la mtu hakuli bando.

JIBU, mwimbaji wa taarab
Marahaba. Hilo la majina nalitia saini. Mimi nina nyimbo zinaimbwa kwenye maharusi na jina langu silisikii.

JIBU, kutoka Wete
Haya, basi nitafutie huyo mpiga udi. Jina lake nitaliandika la kwanza kabisa, na mwenye harusi nitamwambia bei imepanda. Lakini kolabo inaanzia kwenye ukurasa wangu, si wako. Na kwenye grupu sitoki.