Mjadala: Chuo kisipewe kibali kipya cha utafiti wa afya kabla hakijarudisha majibu kijijini

MWANZISHA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja itakayowagusa watafiti, wahudumu wa zahanati na kila aliyewahi kupigiwa hodi na watu wenye madodoso. Chuo kikuu au taasisi inayoomba kibali cha utafiti wa afya kijijini iulizwe kwanza: majibu ya utafiti wenu uliopita mliyafikisha lini kwa waliohojiwa na kutolewa damu, na shahidi ni nani? Ikikosa ushahidi, kibali kipya kisubiri.

Kwa asiyejua utaratibu, huku Tanzania Bara andiko la utafiti wa afya hukaguliwa na kamati za maadili, ile ya kitaifa ikiwa chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na mtafiti kutoka nje huhitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kisha barua hushuka mkoani, wilayani, katani, hadi mezani kwa mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji anatangaza, watu wanaahirisha palizi, mtoto anatobolewa kidole, mama asiyejua kusoma anaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa mbele ya shahidi, anapewa mche wa sabuni na kushukuriwa. Baada ya hapo kimya. Majibu yanatoka kwenye jarida la Kiingereza, mtafiti anapata uzamivu wake, na yule mama hajui damu ya mwanawe ilikutwa na nini.

Nimefanya kazi ya udodosaji. Katika kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, bibi mmoja alitutandikia mkeka, akajibu maswali yetu yote bila kuchoka, kisha naye akauliza lake: "Wenzenu waliokuja kabla yenu walichota maji ya kisima chetu kwenye vichupa. Walikuta nini?" Kiongozi wa timu akasema atafuatilia. Kisima chenyewe tulikuwa tunakiona pale tulipokaa, na wajukuu zake walikuwa wanachota. Jibu la swali lile lilikuwepo kwenye kompyuta ya mtu fulani, na bibi alikuwa na haki nalo kabla ya mhariri wa jarida lolote.

Sisemi utafiti hauna faida. Anayesema hivyo hajui yaliyotokea Rufiji. Kuanzia mwaka 1997 Wizara ya Afya, kwa fedha za Canada kupitia IDRC, shirika lao la utafiti wa maendeleo, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadodosaji walipita kaya kwa kaya kuuliza nani kaugua, nani kafariki, na marehemu alikuwa na dalili zipi. Takwimu zilipowekwa kando ya bajeti ya wilaya, ikaonekana malaria inakula takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha inayopotea kwa vifo vya mapema huku ikitengewa asilimia 5 hivi ya fedha. Timu za afya za wilaya zikapewa nyenzo nyepesi za kusoma takwimu hizo, pamoja na nyongeza ya fedha iliyotumika kwa kiasi kisichofika dola moja kwa mkazi kwa mwaka. Fedha zikahamia kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye kuwafundisha wahudumu kutibu magonjwa makuu ya watoto kwa pamoja. Wanavijiji nao walishiriki kukarabati zahanati zao. Ndani ya miaka mitano hivi, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mradi ule haukuwa sababu pekee, lakini waliogawa fedha walikuwa watu wa wilaya, wakitumia majibu ya wananchi wa wilaya hiyo hiyo, majibu yakiwa bado mabichi.

Linganisha na chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio kubwa la mwisho lilifanyika kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Bagamoyo na Korogwe walikuwemo, na Kenya ilikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa awamu ya majaribio katika huduma za kawaida, ilianza Malawi, Ghana na Kenya, na kwa Kenya zilikuwa kaunti za magharibi, upande wa ziwa. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi hawakuwemo katika awamu hiyo. WHO ikaipendekeza kwa upana zaidi Oktoba 2021. Zipo sababu za kitaalamu za kuchagua hivyo, wala sizibezi. Mzazi wa Korogwe aliyempeleka mwanawe kliniki miaka yote ile ndiye wa kwanza kustahili kuelezwa sababu hizo, ana kwa ana, kabla hajazisikia redioni.

La pili ni gumu zaidi: nani anachagua swali la kuchunguzwa? Fedha nyingi za utafiti zinatoka nje na zinakuja na ugonjwa wake. Malaria, Ukimwi na kifua kikuu vinaua, sina ubishi. Ila kaa zahanati asubuhi moja. Utamwona mzee wa presha aliyerudi mara nyingine bila dawa, kijana wa bodaboda mwenye mguu uliovunjika, mkulima aliyeumwa na nyoka akafikishwa amechelewa. Kuumwa na nyoka kwenyewe WHO ilikuingiza kwenye orodha kuu ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Wanafunzi wetu wa uzamili wanahangaika kila mwaka kutafuta mada, na mada zimeandikwa kwa mkono wa muuguzi kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za wagonjwa na huduma za kituo.

Karibuni, na mnaopinga nipingeni kwa hoja.

MHADHIRI, DAR ES SALAAM

Mkuu, kilio chako ni cha kweli. Adhabu uliyoichagua ndiyo itakayoumiza wasio na kosa. Chuo kikubwa cha nje kitaajiri afisa mahusiano, kitapiga picha za mkutano na kupata kibali chake. Atakayekwama ni mwanafunzi wetu wa uzamili ambaye bajeti yake yote ni nauli na karatasi.

Halafu kuna majibu yasiyofaa kupigiwa kipaza sauti. Ukitangaza kwamba kijiji hiki kina maambukizi ya VVU kuliko jirani zake, mabinti wa kijiji hicho utawaambia nini? Na kuna majibu yanayohitaji muda kueleweka. Kumbukeni Pemba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa Maabara ya Ivo de Carneri, Chake Chake, waliwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki wakitarajia kuwanusuru. Agosti 2003 utoaji wa madini ya chuma ulisimamishwa kwa ushauri wa kamati ya kufuatilia usalama. Majibu yalipochapishwa mwaka 2006, kwa watoto zaidi ya 24,000, waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kufa au kupata ugonjwa mkali wa kulazwa. Ushauri wa WHO kwa maeneo yenye malaria nyingi ukabadilika. Lakini katika kundi dogo la watoto waliofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Yaeleze hayo kwenye mkutano wa hadhara kwa dakika tano uone. Kesho yake mjamzito anatupa vidonge vyake vya kuongeza damu, na wajawazito hawakuwemo kabisa kwenye utafiti ule.

Kingine, mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho. Hakuna anayekupa alama kwa kusimama chini ya mwembe kueleza ulichokiona.

MUUGUZI WA ZAHANATI, MOROGORO

Daktari, kwa heshima yote, hilo la alama ndilo mngeanza nalo nyinyi wenyewe huko vyuoni.

Sisi ndio tunaobaki na maswali. Timu ikishaondoka, mama anakuja kwangu: "Nesi, wale wageni walisemaje?" Mimi sijatumiwa hata ukurasa mmoja, na nilitoa chumba changu cha sindano wapangie vifaa vyao. Angalieni degedege. Utafiti wa Bagamoyo miaka ya 1990 uliandika wazi kwamba wazazi wengi hawakuihusisha na malaria, wakampeleka mtoto kwa mganga kwanza kwa kuhofia kuwa sindano itamuua. Maarifa ya namna hiyo mhudumu angeyafanyia kazi wiki ile ile akiambiwa. Tunayakuta baadaye kwenye semina, yametafsiriwa kurudi kutoka Kiingereza, yanasimuliwa kana kwamba hayakutoka vijijini kwetu.

MCHANGIAJI, PEMBA

Mie nataka kumjibu mhadhiri. Watoto waliokunywa dawa zile ni wetu. Kama jambo ni zito kwa dakika tano, tupeni saa nzima, mje na daktari wa Kipemba alieleze kwa lugha yetu. Hofu yako kuhusu wajawazito ina maana, lakini uvumi hausubiri jarida. Mzee akiona dawa imesimamishwa ghafla anatafuta sababu mwenyewe, na sababu atakayoipata mtaani ni mbaya kuliko ya kweli.

Muelewe pia kuwa ushirikishwaji mnaoutaka umeshafanywa huku. Kwenye mradi wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba, uliomalizika 2017, baadhi ya shehia zilipewa dawa tu, nyengine zikaongezewa kuua konokono, nyengine zikaongezewa elimu iliyopangwa pamoja na walimu, wazazi na watoto. Zikajengwa sehemu za kufulia ili watu wasiingie mtoni, na vyoo vya kukojolea maskulini. Kichocho kilishuka kote, ila kitakwimu haikuonekana tofauti ya wazi kati ya makundi. Nasema haya kwa sababu mwanzisha mada anaweza kudhani kuwashirikisha watu kutashusha ugonjwa kila mara. Mie naunga mkono majibu yarudi hata kama hayatapunguza kichocho kwa mgonjwa mmoja. Ni haki ya mtu aliyetoa mkojo wake kwenye kichupa.

MCHANGIAJI, KILIFI

Huku kwetu programu ya utafiti ya KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) na Wellcome, mfadhili wa Uingereza, ipo tangu 1989. Miaka ya nyuma habari za mumiani zilivuma sana, kwamba gari zile zinachukua damu kwenda kuuzwa. Baadaye ukawekwa utaratibu wa wawakilishi wanaochaguliwa na wenyeji wenyewe, wanakutana na watafiti, wanauliza maswali ya wananchi, wanarudisha habari mitaani na kwenye baraza za chifu. Umesaidia. Kasoro ni kwamba mwakilishi akikaa muda mrefu, jirani zake wanaanza kumwona mtu wa KEMRI. Mkiiga, wekeni ukomo wa muda.

MWANZISHA MADA

Nimewasoma wote. Mhadhiri, narekebisha hoja yangu sehemu mbili. Mwanafunzi wa uzamili asiadhibiwe. Deni liwe la chuo, na chuo kitenge fungu la mrejesho kwenye kila andiko linalopitishwa, kama kinavyotenga la usafiri na posho. Na majibu yanayoweza kukidhalilisha kijiji yatolewe kwa wahusika na kwa kituo cha afya bila kutaja kijiji hadharani. Hilo la VVU nakubaliana nawe kabisa.

Kuhusu madini ya chuma, mfano wako unaniongezea nguvu. Jambo lililogusa maisha ya watoto kiasi kile haliwezi kuachwa kwa bahati. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, toleo la 2013, lilisema washiriki wote wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Andiko la mtafiti husema litafuata maadili hayo, sasa tunaomba risiti. Na risiti yenyewe ipo tayari kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mrejesho uwe ajenda, uandikwe kwenye muhtasari, nakala iambatishwe kwenye maombi ya kibali kinachofuata. Karatasi mbili za Kiswahili zibandikwe zahanati na ofisi ya kijiji. Mkutano huo huo upendekeze maswali matatu ambayo kijiji kingependa yachunguzwe, yapelekwe chuoni. Si lazima chuo kiyachukue yote. Kijibu tu kimechukua lipi na kwa nini.

MTENDAJI WA KIJIJI, PWANI

Ndugu mleta mada, mimi ndiye mwenye muhuri, nikuambie ukweli. Mkutano mkuu kipindi cha kilimo akidi haitimii, watu wanalala mashamba. Mtafiti akija mwezi wa pili na gari na tarehe yake mkononi, atakutana na wazee kumi, atapiga picha, atataka muhtasari. Nami bosi wangu wa wilaya akinipigia simu kwamba hao ni wageni wake, unadhani nitakataa kugonga?

MWANZISHA MADA

Mtendaji, hapo umegusa nilipokuwa sijapapatia dawa. Napendekeza tarehe ipangwe na kijiji baada ya mavuno, si na mtafiti, na orodha ya mahudhurio iambatane na muhtasari. Na pembeni ya sahihi yako iwepo ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii na ya wananchi wawili walioshiriki utafiti, ili shinikizo la simu lisikuangukie wewe peke yako. Kuna mwenye njia bora kuliko hiyo? Hasa nyinyi mnaokaa kwenye kamati za maadili, semeni ni kifungu gani kinachowazuia kuanza na hili kwenye maombi ya mwaka huu.