Kinamasi cha ndege korongo shambani, tukikaushe ama tukiache?

MaziwaLala
Wadau habarini, niko upande wa Ziwa Ol Bolossat, Nyandarua, tunafuga ng'ombe wa maziwa na kondoo kwa shamba alilotuachia mzee, sasa kule chini kuna kama ekari mbili za tope na mafunjo na kila mwaka korongo wenye taji wanataga huko. Mwaka huu waliangua vifaranga wawili, siku hizi naona mmoja tu. Brathe anataka tuchimbe mtaro maji yatoke tupande mikaratusi, ati ardhi imelala bure. Roho yangu inakataa, lakini ng'ombe wawili wamekonda na daktari wa mifugo anasema ni minyoo ya ini, wameitoa huko huko. Nifanyeje?

Kondoo_Kinangop
Usikaushe!! Huku kwetu watu walilima nyasi zote wakapanda viazi, sasa yule ndege longclaw wa kifua cha manjano, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kenya, unamtafuta siku nzima. Na huyo anapenda pahali kondoo wamekula nyasi zikawa fupi, mradi yale mafundo ya nyasi ngumu usiyang'oe maana ndiyo anaficha kiota. Kwa hivyo mifugo si adui, jembe ndilo.

Babu wa Boma
Korongo wenu waling'oa mahindi yangu yakichipua, mstari mzima. Mnawasifu kwa sababu hawajawatembelea.

Mtaro Hapana
@Babu pole, hiyo ni kweli wanafanya, weka mtu wa kuwafukuza zile wiki mbili za kwanza lakini sumu tafadhali usiweke, hawa wako kwa orodha ya walio hatarini tangu 2012.

MaziwaLala, minyoo ya ini inapitia kwa konokono wa hapo kwa tope, so zungushia tope fensi, maji yavute kwa paipu mpaka kwa birika juu pakavu. Si kila dawa ya minyoo inaua ya ini, uliza daktari. Korongo akilalia mayai ni kama mwezi mmoja, halafu vifaranga wanakaa miezi miwili mitatu kabla waruke, hapo ng'ombe wasiingie, usichome nyasi, na mbwa wafungwe (huyo kifaranga wako mimi nashuku mbwa). Wakisharuka kata nyasi ulishe, kiangazi ndiyo utajua hiyo ekari haikulala. Mtaro bila leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) ni kesi, na mikaratusi kwa maji mnakumbuka Michuki, waziri wa mazingira wakati huo, 2009 alivyoagiza ing'olewe.

MaziwaLala
Mbwa ni wa brathe 😂 Amekubali fensi, ila waya ninunue mimi.

Babu wa Boma
Nguzo usinunue, kata za mwarobaini.

MaziwaLala
Babu, mwarobaini Nyandarua na hii baridi?