Michoro ya zamani ya anatomia ya wanyama, mbona inaeleweka kuliko picha za simu?

mwana_mifugo
Habari wakuu, niko Mpwapwa nasomea mifugo. Kuna jamaa katupia kwenye grupu michoro ya farasi toka kitabu cha mwaka 1766, cha Mwingereza anaitwa George Stubbs, aisee misuli inasomeka kuliko hata picha tulizopiga wenyewe machinjioni Kizota. Alifanyaje na kamera hamna? Na naweza kuisomea mtihani?

Mgogo wa Kongwa
Mkuu simu inabeba kila kitu, damu, mafuta, utando, mpaka mkono wa mchinjaji, huoni msuli unaanzia wapi. Mchoraji anachagua. Huyo Stubbs kuanzia 1756 alikaa kama miezi 18 kwenye nyumba ya shambani kijiji cha Horkstow, anamtoa farasi damu mpaka anakufa, anajaza mishipa mafuta ya moto ili isinywee, halafu anamning'iniza kwa vyuma darini akae kama kasimama, anachuna tabaka moja anachora, anachuna lingine anachora, na mmoja alikaa naye wiki 11!! Hiyo harufu sasa.

dada_AreaC
@Mgogo wa Kongwa umemruka Mary Spencer, ndo alikuwa msaidizi wake humo ndani. Na wachonga shaba wa London, wale wa kuchonga mchoro kwenye bamba la shaba ndo uchapwe kitabuni, walimkatalia Stubbs kazi ikabidi achonge mwenyewe, ndo maana kitabu kikachelewa hivyo. Kwa uvundo Stubbs hakuwa mgeni, baba yake alikuwa fundi ngozi Liverpool.

vet mstaafu
Kijana, mifupa na misuli ya farasi soma humo, ila mtihani ukiwa wa ng'ombe tumbo ni habari nyingine kabisa, farasi hana vyumba vinne. Halafu angalia upande. Bamba la shaba likichapwa picha inageuka, fundi makini anachonga kinyume, wengine walikuwa hawajali. Ng'ombe tumbo kubwa liko kushoto, na akivimba gesi unatoboa kushoto, sasa ukikariri mchoro uliogeuka utaua ng'ombe wa watu. Na sio kila cha zamani ni dhahabu, mchoraji Mjerumani Dürer 1515 alichora kifaru ambaye hajawahi kumuona, akamwekea na kipembe mgongoni, na watu wakanakili hivyo hivyo miaka na miaka.

mwana_mifugo
Shukrani mzee wangu, nawe dada. Nani anajua pa kuprinti A3 hapo Dodoma mjini kwa bei poa?